Nyuzi za utumbo na upepo wa bahari

SWALI: Mhariri, mimi ni mpiga fidla wa taarabu hapa Bagamoyo. Pamoja na mwenzangu wa chelo tunajifunza sonata za Corelli, mtunzi wa Kiitalia, za mwaka 1700 kwa nyuzi za utumbo wa kondoo, lakini kila jioni sauti huhama kabla hatujamaliza kipande. Je, nimeuziwa nyuzi mbovu?

JIBU: La hasha, ndugu msomaji. Utumbo hunyonya unyevu wa hewa, na kila unapovimba au kukauka sauti huhama. Toeni ala mkobani nusu saa kabla ya kuanza ili zizoee hewa ya chumba, na feni isizielekee. Noti ya la iwekeni kwenye hezi 415 (mitetemo kwa sekunde), takriban nusu toni chini ya 440 ya siku hizi, kama wafanyavyo wengi wanaopiga muziki wa Baroko, yaani wa Ulaya wa takriban 1600 hadi 1750, kwa ala za zama zake. Mnapomaliza sehemu moja, kazeni upya bila haya. Wasikilizaji wa taarabu wamezoea kuusubiri udi ukikazwa nyuzi.

Uzi mwembamba wa juu ndio msumbufu hasa. Ukiona unyuzi umechomoza pale vidole vinapokanyaga, ukate kwa kikata kucha, usiuvute, kwani ukivutwa huchana uzi mzima.

Msihangaike kutafuta hapsikodi, ile ala ya kale inayofanana na piano: Corelli mwenyewe aliruhusu besi ya nyuzi, kama chelo ya mwenzako, ishike nafasi ya hapsikodi.