Muuaji akiachiwa halafu akakiri, hashikiki tena?

Shikamoo Bibi. Nimesoma kwamba wazungu wawili waliomuua Emmett Till, mtoto mweusi wa miaka 14, huko Mississippi mwaka 1955, waliachiwa huru, kisha wakasimulia wenyewe kwenye jarida jinsi walivyomuua. Hawakukamatwa. Inakuwaje? – Msomaji, kidato cha nne

Marahaba, mjukuu wangu. Katiba ya Marekani inakataza mtu kushtakiwa mara mbili kwa kosa lilelile. Roy Bryant na J. W. Milam, ndugu wa mama mmoja, waliachiwa Septemba 1955. Januari 1956 jarida la Look likachapisha habari yao waliyoliuzia, wakijua fika kwamba kwa mauaji yale hawagusiki tena.

Lakini usiishie hapo, maana wengi huishia hapo na kuitupia Katiba lawama zote. Kesi ile ilikuwa na ushahidi. Mzee Mose Wright, mume wa dada wa bibi yake Emmett, ndiye aliyegongewa mlango usiku wa manane mtoto akachukuliwa. Alisimama mahakamani, mtu mweusi wa miaka 64 katika Mississippi ile, akanyoosha kidole mbele ya watu wote: huyu, na huyu. Kila nikifika hapo nasimama kidogo. Mzee yule alijua anachokihatarisha. Kesi ilipokwisha akahamia Chicago, pamba yake akaiacha shambani.

Na pete! Mwili ulitolewa mto Tallahatchie umefungwa shingoni feni ya chuma ya kinu cha pamba kwa seng'enge. Uso hautambuliki. Kidoleni palikuwa na pete ya fedha yenye herufi L.T., za baba yake, Louis Till. Mama yake, Mamie, akasema mbele ya mahakama: huyu ni mwanangu. Upande wa utetezi ukashikilia kwamba maiti si yake.

Wanaume 12 wa jopo la kuamua kesi, wote wazungu, wakatoka kushauriana. Dakika 67 wakarudi: hawana hatia. Mmoja wao alisema kama wasingesimama kunywa soda, wasingechukua hata muda huo.

Sasa sikiliza vizuri. Kosa la kumteka mtoto lilikuwa bado halijahukumiwa, na wale wawili walikwisha kukiri kwa polisi kwamba walimchukua, ila wakadai walimwachia. Katiba haikuzuia chochote hapo. Novemba 1955 Mzee Wright alirudi Mississippi kutoa ushahidi tena, na jopo la raia likakataa kuwafungulia mashtaka. Hapo ndipo mlango ulipofungwa, mjukuu wangu, na waliofunga ni watu.

Milam alifariki mwaka 1980, Bryant mwaka 1994, na hakuna aliyelala gerezani hata siku moja kwa hukumu ya damu ile. Jeneza la kwanza la Emmett, lile ambalo mama yake aliagiza liachwe wazi Chicago watu wamwone mwanawe, liko Washington, katika jumba la makumbusho ya historia ya Wamarekani weusi.