Umepiga Windows na matangazo bado yanarudi? Usinunue hard disk kwanza

Mkuu, nimesoma maelezo yako mara mbili maana yamenikumbusha machungu yangu mwenyewe. Umesema laptop yako ina Windows 10, ukiiwasha tu matangazo ya kubeti yanachomoza kona ya chini kulia, mengine yanakutisha kwamba una virusi 5 ubofye hapa usafishe. Na ukitafuta kitu Google unajikuta kwenye mtambo mwingine wa kutafutia usioujua. Fundi kakupigia Windows (kaisakinisha upya) kwa elfu 25, ukakaa raha siku moja, ya pili yakarudi. Sasa anakwambia virusi vimeingia kwenye hard disk, ununue nyingine.

Usinunue. Angalau si kwa sababu hiyo.

Nina stationery hapa Morogoro, kompyuta 5, wateja wengi ni wanachuo. Mwaka 2019 mashine ya kaunta ilianza huo mchezo wako wa pili, wa kuhamishwa Google. Nikapiga Windows Jumamosi usiku, nikafuta kila kitu, hata kizigeu cha D (ile sehemu ya diski ya kuwekea mafaili) ambacho wengi huwa wanakionea huruma. Jumatatu asubuhi nikaweka Chrome, nikaingia na akaunti yangu ya Gmail ili nipate alamisho (bookmarks) na nywila zangu, nikamimina chai. Chai haijapoa, natafuta bei ya wino, ukurasa wa matokeo si wa Google. Nikapiga tena Windows, safari hii kwa flash mpya nikidhani ile ya zamani ndiyo yenye ugonjwa. Yaleyale.

Kilichonifungua macho ni laptop ya nyumbani. Haikuwahi kuchomekwa flash ya dukani hata siku moja, na yenyewe ikaanza kufanya vilevile. Nikakaa nikajiuliza, hizi mashine mbili zinashirikiana nini? Si flash, si mtandao, si programu. Ni akaunti yangu tu. Miezi kadhaa nyuma nilikuwa nimeweka kiendelezi (extension, kijiprogramu kinachoongezwa ndani ya Chrome) cha kugeuza PDF kuwa Word, na Chrome ukiwasha usawazishaji (sync) inahamisha viendelezi vyako kila mahali unapoingia. Windows ilikuwa mpya, Chrome mpya, lakini mgeni nilikuwa nambeba mwenyewe mgongoni.

Kwa hiyo kabla hujafuta chochote, jua kwanza kinaingilia wapi. Na wewe kwa maelezo yako una matatizo mawili, si moja, ndiyo maana yanakuchanganya. Matangazo ya kona yana mlango wake. Kuhamishwa Google kuna mlango mwingine kabisa.

Tuanze na ya kona. Likichomoza tena usikimbilie kulifunga. Liangalie vizuri: pamoja na yale maneno makubwa ya kutisha kuna maandishi madogo yanayotaja Chrome na jina la tovuti fulani, mara nyingi herufi zisizo na maana zikifuatiwa na nukta. Hiyo ni arifa. Ni kitu kilekile kinachotumiwa na magazeti kukuletea habari mpya, na mahali fulani ulishakubali. Kwa wateja wangu karibu kila mara ni tovuti ya kuangalia mpira au filamu za bure: unakutana na picha ya roboti na mshale unaokuelekeza ubofye "Allow" kuthibitisha kwamba wewe ni binadamu. Ukibofya, hujathibitisha chochote. Umeipa hiyo tovuti ruhusa ya kukutumia ujumbe saa yoyote, hata kama dirisha la Chrome umelifunga, kwa sababu Chrome kwenye Windows inaweza kubaki ikifanya kazi kichinichini.

Antivirus haioni kitu hapo maana hakuna kilichosakinishwa. Kuna mdau hapa kakushauri ununue antivirus ya kulipia; namheshimu, ila kwa hili pesa yako itaenda bure. Andika pale juu kwenye anwani: chrome://settings/content/notifications. Utaona orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Juzi dada mmoja kaniletea laptop, nikakuta tovuti 23, anayoijua ni moja tu, ya barua pepe. Futa zote usizozijua, halafu hapohapo juu chagua tovuti zisiwe zinaomba ruhusa kabisa. Dakika 2, kazi imekwisha. Hilo la virusi 5 ni uongo, ni tangazo tu. Anayebofya ndiye anakwenda kupakua virusi vya kweli au kuombwa namba ya kadi.

Sasa la Google kuhamishwa, hapa ndipo pana kazi.

Fungua chrome://extensions. Zima viendelezi vyote, vyote kabisa, hata unavyovipenda. Tafuta kitu. Kama umerudi Google ya kawaida, basi mwizi yumo humo; washa kimojakimoja, baada ya kila kimoja tafuta tena, mpaka umkamate. Akishakamatwa mfute ukiwa bado umeingia kwenye akaunti yako, ili kufutwa kwake nako kusambae kwenye mashine nyingine. Na kwenye mipangilio ya usawazishaji toa tiki kwenye viendelezi. Mimi tangu 2019 nasawazisha alamisho na nywila tu.

Usijidanganye kwamba kilichotoka kwenye duka rasmi la Chrome ni salama milele. Kulikuwa na kiendelezi kinaitwa The Great Suspender, kizuri kweli, kilikuwa kinalaza tabo usizotumia ili RAM ipumue, na watumiaji walipita milioni 2. Mwaka 2020 mwenyewe akakiuza. Februari 2021 Google ikakiondoa dukani na kukizima kwenye vivinjari vya watu kwa maelezo kwamba kina programu hasidi. Watumiaji hawakuwa wamebadilisha kitu. Kilichobadilika ni mwenye mali. Ndiyo biashara yenyewe hiyo: mtu anatengeneza kitu kizuri bure, kinapata watu, anakuja mnunuzi ambaye hataki programu, anataka wale watu.

Kuna kiendelezi kingine utakuta hakina kitufe cha kufuta, au unakifuta kinarudi ukiwasha upya. Hapo fungua menyu ya vidoti vitatu uangalie chini kabisa. Kama imeandikwa kwamba kivinjari kinasimamiwa na shirika lako, na laptop ni yako ya nyumbani na huna shirika lolote, shtuka. Programu hizi zimejifunza kutumia sera, yaani yale maagizo ambayo ofisi kubwa huyatumia kudhibiti kompyuta za wafanyakazi. Fungua chrome://policy. Ukikuta mstari wa ExtensionInstallForcelist wenye rundo la herufi ndogo mbele yake, hizo herufi ni kitambulisho cha kiendelezi kinacholazimishwa. Linganisha na kitambulisho utakachokiona kwenye ukurasa wa viendelezi.

Dawa yake iko kwenye rejista ya Windows, yaani ghala la mipangilio yake. Fungua regedit, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome, kisha njia hiyohiyo chini ya HKEY_CURRENT_USER. Hifadhi nakala ya folda hiyo kwanza, halafu ifute, washa upya. Angalizo: antivirus nyingine nazo huweka sera, na kama laptop ni ya ofisi kweli USIGUSE, mwite mtu wa IT. Kuna jamaa alifuta sera za kazini kwake kwa maelekezo ya mtandaoni akaja kuitwa ajieleze.

Sera ikifutwa ikarudi kesho yake, kuna programu ndani ya Windows inayoipanda upya. Nenda kwenye orodha ya programu zilizosakinishwa uipange kwa tarehe. Jiulize matangazo yalianza lini, angalia kilichoingia siku hiyo. Halafu fungua Task Scheduler (ratiba ya kazi zinazojiendesha za Windows) uone kama kuna kazi yenye jina la ajabu inayojiamsha kila ukiingia.

Kitu kimoja mafundi wengi wanakiruka ni ikoni yenyewe. Bofya kulia ikoni ya Chrome, Properties, angalia mstari wa Target. Unatakiwa uishie kwenye chrome.exe na alama ya kufunga nukuu, basi. Kwa mteja mmoja nimewahi kukuta baada ya ile alama kuna nafasi, halafu anwani ya tovuti imebandikwa pale kwa utulivu kabisa. Kila mtu ofisini kwao alikuwa anabadilisha ukurasa wa mwanzo kwenye mipangilio, na kila wakifungua Chrome inakwenda kulekule. Futa ile anwani tu. Na ikoni iliyobandikwa chini kwenye upau wa kazi ni nyingine, nayo iangalie.

Kama hayo yote ni marefu, tumia AdwCleaner, programu ya kusafisha wageni wa aina hii. Ni bure, haisakinishwi, unaifungua tu inachambua. Tangu 2016 iko chini ya Malwarebytes, kwa hiyo ipakue kwenye tovuti yao wenyewe na si kwingine. Andika anwani mwenyewe, usibofye matokeo ya juu yenye neno la tangazo, maana watu wanalipia matangazo ya kuiga kurasa za programu maarufu. Desemba 2022 FBI ya Marekani walitoa onyo kuhusu mtindo huo, na kati ya ushauri wao ni mtu atumie kizuia matangazo anapotafuta vitu mtandaoni. Ukimaliza kusafisha, irudishe Chrome kwenye mipangilio ya mwanzo kupitia chrome://settings/reset. Alamisho na nywila hazipotei, viendelezi vinazimwa.

Vimeingiaje? Nisamehe mkuu, ila nadhani jibu unalo. Fundi aliyekupigia Windows, flash yake ina Office ya kukraki na programu ya kupakulia video ya kukraki. Siwezi kumlaumu sana, wateja ndio tunataka hivyo kwa elfu 25. Lakini kiwezeshaji cha bure (kile cha kufungua programu bila kulipia) mtu amekitengeneza kwa faida gani? Waliokuwekea matangazo wanalipwa kwa kila mashine wanayoifikia.

Hata programu halali zimefanya hivi. Java yenyewe kwa miaka ilikuwa inakuja na upau wa Ask (mtambo mwingine wa kutafutia), kisanduku kimeshatiwa tiki, ukibonyeza "Next" bila kusoma umeukubali. Mwaka 2015 Microsoft wakaamua kuyachukulia matoleo ya zamani ya upau huo kama programu isiyotakiwa. Na mwaka huohuo Lenovo walibanwa kwa kuuza laptop mpya zikiwa na Superfish ndani, programu iliyopenyeza matangazo hata kwenye kurasa salama zenye alama ya kufuli, kwa kujiwekea cheti chake cha usalama kwenye Windows. Mtu katoa mashine kwenye boksi, bado ina nailoni, na mgeni yumo.

Mimi dukani nimefanya mambo machache tu. Akaunti wanazotumia wateja si za msimamizi, kwa hiyo hawasakinishi kitu bila mimi. Kwenye Windows Security, sehemu ya ulinzi unaotegemea sifa ya programu, nimewasha kuzuia programu zinazoweza kuwa hazitakiwi. Na nimehamia Firefox yenye kizuia matangazo cha uBlock Origin. Kwenye Chrome ile kamili haifanyi kazi tena kwa sababu Google wamebadili mfumo wa viendelezi, huko imebaki uBlock Origin Lite, ambayo si mbaya ila haina nguvu zote. Angalia jina vizuri, neno Origin liwepo. Kuna chenye jina la karibu na hicho si chenyewe. Na kusakinisha programu, nachagua "Custom" badala ya ile njia ya haraka, nasoma kila ukurasa kama ninayesaini mkataba wa kiwanja.

Kwa waliouliza kuhusu simu: kama tangazo linatokea ndani ya Chrome au kwenye arifa, ni habari ileile ya ruhusa za tovuti, zifute kwenye mipangilio ya Chrome. Ila kama linajaa skrini nzima ukiwa hujafungua kitu chochote, hiyo ni programu. Likitokea bonyeza kitufe cha programu za karibuni uone ikoni ya nani ipo juu. Shangazi yangu ilikuwa tochi. Simu ina tochi yake tayari, akapakua nyingine. Ikijificha, angalia kwenye mipangilio programu zilizopewa ruhusa ya kuonekana juu ya nyingine, ondoa ruhusa, kisha ifute.

Sasa mkuu, fanya la arifa leo, halafu zima viendelezi vyote ujaribu kutafuta. Kama bado unahamishwa, fungua chrome://policy upige picha ya skrini uiweke hapa, ufiche jina la akaunti yako. Nafunga duka saa 2 usiku, nitaipitia.