Zaka ya fitri isingoje khutba

Nilipitiwa, nikatoa zaka ya fitri baada ya swala ya Idi. Imesihi?

Swali hili hurudi kila Mfunguo Mosi, na wengi wanaoliuliza walikuwa na mwezi mzima wa kujiandaa. Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, amepokea kuwa Mtume (S.A.W.) aliifaradhisha zaka hii iwe tohara ya mfungaji na chakula cha maskini: ikitolewa kabla ya swala ni zaka yenye kukubaliwa, ikitolewa baada yake ni sadaka kama sadaka nyingine. Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, wanaihesabu kuwa zaka hadi jua la siku ya Idi lizame, pamoja na karaha, yaani haipendezi kuichelewesha. Likishazama, umepata dhambi na deni bado liko shingoni. Maskini anataka kula asubuhi ile ile unayokula wewe. Ukimpelekea jioni, ameshinda Idi akiomba. Itoeni siku moja au mbili kabla, kama masahaba walivyofanya.

Ni kiasi gani, na mtoto mchanga naye?

Pishi moja, yaani vibaba vinne, ya chakula kikuu cha watu wa mahali. Kwa mizani ni kama kilo 2.5 hadi 3. Mchanga naye yumo, na anayemlisha ndiye anayemtolea. Mahanafi, wafuasi wa Imamu Abu Hanifa, wanakubali thamani yake kwa fedha, wanazuoni walio wengi wanataka chakula chenyewe. Fuata madhehebu yako, lakini usichague nafaka mbovu usiyoweza kuila wewe.

Swala ya Idi ina adhana?

Haina, wala ikama, ule wito wa kusimama kuswali.

Mke wangu yumo hedhini. Abaki nyumbani?

Aende. Umm Atiyya, sahaba wa kike, amesimulia kuwa waliamrishwa kuwatoa wanawali na hata wenye hedhi, washuhudie kheri na dua ya Waislamu, wajitenge tu na mahali pa kuswalia. Asiye na jilbabu, vazi pana la kujisitiri, aazimwe na mwenzake. Basi wanaume mnaowaacha wake zenu jikoni tangu alfajiri mmeitoa wapi ruhusa hiyo? Chakula kipikwe usiku, au nanyi mshike mwiko.

Naweza kuanza Sita ya Shawwal, saumu ya siku sita za Mfunguo Mosi, siku ya Idi yenyewe?

Hapana. Kufunga siku ya Idi ni haramu, hata kwa mwenye deni la Ramadhani. Anzia siku ya pili ya mwezi huo. Ukiziachanisha ndani ya Shawwal si kitu.