Maswali na majibu: mguu wa korongo kwenye kadi

Wiki hii barua zote zinahusu kazi ndogo za sanaa, yaani kadi, vipande vya lubugo (kitambaa cha gamba la mti) na mapambo, ambazo walimu na wazazi hapa Uganda wanazitumia kuwafunza watoto mazingira.

*Shikamoo. Nafundisha darasa la nne, Tororo. Mwalimu mkuu anasema kumchora korongo taji ni kupoteza kipindi cha sayansi. Nimjibu nini?*

Marahaba, mwalimu. Mpe sarafu ya shilingi 500. Kichwa cha korongo kimo humo, kazi ndogo ya sanaa ambayo kila mtoto amewahi kuishika akienda dukani. Kisha mpe kadi na penseli, umwombe achore mguu wa korongo huyo. Hapo wengi hukwama, maana kidole cha nyuma hawajawahi kukitazama.

Kidole hicho ni kirefu, ndicho anachoshikia tawi. Kwa hiyo korongo taji hulala mtini, jambo ambalo korongo wa jamii nyingine hawaliwezi. Mtoto aliyekichora haachi kuuliza: analala mti gani? Anataga wapi? Anataga kinamasini, katikati ya majani marefu. Kinamasi kikikaushwa ili kilimwe, hana pa kujenga kiota. Mmeshaingia kwenye sayansi, tena kwa swali la mtoto mwenyewe. Mwambie pia mkuu kwamba ndege huyu yuko kwenye bendera yetu tangu 1962, na mwaka 2012 aliingizwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Ninakusihi jambo moja: wasinakili kutoka kitabuni. Wapeleke ukingoni mwa mashamba ya mpunga asubuhi, wakae kimya, watazame kwanza. Mkipata nauli ya kufika Entebbe, kituo cha elimu ya wanyamapori kinawafuga korongo hawa, na watoto wataweza kuwaona kwa karibu.

*Rangi za dukani zimenishinda bei. Watoto wangu watatu wanapenda kuchora. (Mama, Bombo)*

Mama, jikoni kwako kuna rangi. Saga mkaa upate nyeusi, chekecha udongo mwekundu wa barabarani, koroga manjano, kile kiungo cha mapishi, kwa maji. Uji mwepesi wa muhogo utazishikisha kwenye karatasi. Halafu wape raha hii: wachore jua kwa manjano, likauke, wapitishe juu yake brashi yenye maji ya majivu. Litageuka jekundu mbele ya macho yao, kwa sababu majivu ni kinyume cha asidi. Picha za manjano zitundike kivulini. Jua huzififisha upesi.

*Natengeneza hereni na kadi za kuwauzia wageni Entebbe. Naweza kubandika manyoya ya korongo niliyookota?*

Hapana, ndugu yangu. Sheria ya Wanyamapori ya 2019 inakataza kumiliki sehemu za wanyama wanaolindwa bila kibali, na mteja hawezi kujua kama uliokota au ulimtega ndege. Akipenda atataka kumi zaidi, na hapo ndipo mitego inapoanzia. Chora unyoya. Au tumia nyuzi za mgomba na mafunjo.

*Lubugo si ni gamba la mti? Tunawafundishaje watoto kutunza miti kwa kitu kilichobanduliwa mtini? (Masaka)*

Swali zuri kuliko yote, na nyumbani kwa lubugo ni kwenu. Anayejua kazi hubandua gamba la mutuba, mti wa lubugo, msimu wa mvua, akaufunga mti kwa majani ya mgomba mpaka uote gamba jipya. Mti haufi, mwakani atarudi palepale. Gamba hupigwa kwa nyundo za mti zenye mifereji hadi liwe laini na pana. UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu na utamaduni, iliutambua ufundi huu mwaka 2005. Kwa hiyo kipande cha ukubwa wa kiganja kinatosha kumwonyesha mtoto namna ya kuvuna bila kuua. Lakini asikipokee dukani tu. Mpeleke kwa fundi, aguse shina lililofungwa majani, ndipo mrudi mchore juu ya kipande chenu.

*Tuzilamineti kadi za watoto zidumu?*

Msizilamineti. Mtakuwa mmeifunga picha ya kinamasi ndani ya plastiki, ileile ya kavera, mifuko ya plastiki inayoziba mitaro yetu. Sugueni uso wa kadi kwa nta ya nyuki, mzihifadhi ndani ya bahasha. Ikichakaa, mtoto achore nyingine. Safari hii ataona alichokikosa mara ya kwanza.