Ada ya skuli ya Jumuiya ya Wazazi na ya serikali: hesabu yetu ya karafuu

Assalam alaykum ndugu yangu. Umeuliza kama kumpeleka mtoto skuli ya Jumuiya ya Wazazi kule bara ni nafuu kwa kuwa ni ya chama cha CCM, au umbakishe skuli ya serikali hapa Pemba. Sisi Wete tumepita njia zote mbili, basi nakupa hesabu za nyumbani kwetu.

Mwaka 2014 mdogo wangu alianguka mtihani wa kidato cha pili. Baba akaelekezwa skuli moja ya Wazazi bara inayopokea watoto kama yeye. Wazee wakamwambia ile ni ya CCM, serikali inatia mkono, ada itakuwa ndogo. Sivyo. Jumuiya ile, iliyokuwa ikiitwa TAPA, inaendesha skuli zake kama skuli binafsi: mwalimu analipwa kwa ada, na mpishi vivyo hivyo. Na kuwa na kadi ya chama au kutokuwa nayo hakukubadili kitu. Baba hakuwa mwana-CCM na hakuna aliyemuuliza. Mzee aliyekuwa mbele yetu kwenye foleni, kadi yake mfukoni, alilipa sawasawa na sisi.

Ada ya dahalia (bweni) ya serikali bara wakati ule ilikuwa shilingi 70,000 kwa mwaka, na ya kutwa 20,000. Sisi tulitajiwa 700,000. Karafuu daraja la kwanza ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, walikuwa wakinunua kwa 14,000 kilo. Yaani dahalia ya serikali kilo 5, yetu kilo 50. Na kilo 50 kavu zinatoka kwenye mbichi kama mara tatu yake. Tulichambua usiku na watoto mpaka vidole vikawa vyeusi, tukaanika kwenye majamvi, na wingu likitanda mama ndiye wa kwanza kupiga kelele tuanue. Nikiiona ile stakabadhi ya ada mpaka leo nasikia harufu ya karafuu.

Halafu ada yenyewe haikuwa mwisho. Fomu ya kujiunga ilikuwa na ukurasa mzima: godoro, ndoo, jembe na mpini wake, fagio, rimu ya karatasi, sare jozi mbili, pesa ya tahadhari, pesa ya mitihani. Weka na nauli ya meli kwenda na kurudi kila likizo. Mwaka wa pili msimu ulikuwa mbaya, tukachelewa awamu moja, mtoto akarudishwa nyumbani wiki mbili kabla ya mitihani. Aliingia ndani na begi lake, hakusema kitu, akaenda kulala. Lile liliniuma kuliko pesa yote.

Tangu 2016 serikali bara imefuta ada kidato cha kwanza hadi cha nne, kwa hiyo tofauti imezidi kuwa kubwa. Kwetu Zanzibar elimu bila malipo ilitangazwa tarehe 23 Septemba 1964, na binti yangu sasa yuko skuli ya serikali hapahapa Wete bila ada. Ninachotoa ni sare, viatu, mabuku na twisheni ya hesabu na fizikia jioni. Twisheni ndiyo inayokula, maana darasani wamejaa na mwalimu hawafikii wote. Hata hivyo kwa mwaka mzima haifiki robo ya tuliyolipa bara, na usiku namuona anasoma.

Mdogo wangu alimaliza, alhamdulillahi, na leo anafanya kazi. Sijuti kumpeleka, kwa sababu kwake mlango mwingine haukuwepo. Lakini wako umesema amefaulu na nafasi anayo. Mimi ningembakisha, hiyo pesa nikaitia kwenye twisheni.

Kama bado moyo uko bara, usitume hata shilingi kabla hujapata fomu ya kujiunga yenye michango yote na tarehe za awamu. Ukiipata iweke hapa, tuipige hesabu pamoja mstari kwa mstari.