Neno 'set' lilivyonipa jina jikoni

Juzi kijana mmoja wa Watamu kaniandikia: "Kaka, nimekariri maneno 800 ya Kiingereza, lakini wageni wakisema siambulii kitu. Nakosea wapi?" Nikacheka, kisha nikanyamaza. Daftari kama lake nilikuwa nalo.

Nilianza kama mwosha vyombo katika hoteli moja hapa Malindi. Daftarini mwangu 'set' ilikuwa na maana moja: kuandaa meza. Siku hiyo tuna wageni 14, na mpishi mkuu katengeneza panna cotta, ile krimu ya Kiitaliano inayogandishwa kwa jelatini. Akaelekeza kidole kwenye friji, akasema, "Leave them to set," akatoka. Nilinasa neno moja tu, lile nililolijua. Basi mimi huyo! Nikatoa bakuli zote 14, nikazipanga mezani, kijiko huku, kitambaa kule, nikasimama kando najisifu. Joto la Januari mnalijua. Wageni walipoketi walikuta maziwa.

Tangu siku hiyo wenzangu wakaniita Seti. Hata leo sokoni yupo anayeniita hivyo. Huitika, lakini hainogi.

Baadaye ndipo nikafungua kamusi. Jua kuzama, 'set'. Kutega mtego, kutegesha saa, kuunga mfupa, krimu kuganda, zote 'set'! Kamusi kubwa ya Oxford, toleo la 1989, imelipa neno hilo maana zaidi ya 430. Kilichonifumbua macho ni asili yake: kitenzi hicho ni ndugu wa 'sit', yaani ni kuketisha. Krimu ilitakiwa iachwe iketi, itulie. Ile seti ya vikombe ina ukoo mwingine, imepitia Kifaransa kutoka Kilatini. Yamekutana kwa sauti tu, kama kaa wa pwani na kaa la moto.

Wala tusiwacheke Waingereza. Mgeni mmoja aliniuliza mbona sisi twapiga kila kitu: pasi, deki, mswaki, picha, hodi. Nani kati yetu aliyekaririshwa maana za piga? Tulilisikia na pasi, tukalisikia na hodi, likaingia.

Kwa hiyo mdogo wangu, daftari hilo weka kando. Andika sentensi nzima, na aliyeisema alikuwa ameshika nini. Narudia, sentensi nzima. Na usipoelewa, uliza! Vijana mnaona haya, mnatikisa kichwa tu, "yes, yes". Mimi nilitikisa, na bakuli 14 zikakatwa kwenye mshahara wangu.