Fonti hubaki kwenye kompyuta, haiendi na kazi yako

Vijana wawili hapa mtaani Kisauni wamenunua kompyuta juzi juzi, wataka kutengezea kadi za arusi na mabango ya maulidi nyumbani, na kila wakiniona swali ni hilo hilo, hizi fonti nzuri nzuri, yaani mitindo ya herufi, wazitoa wapi na waziingiza vipi. Kuziingiza ni kazi ya dakika mbili bana, kilichonitoa pesa mimi ni kitu chengine kabisa.

Haya, kuingiza. Fonti ukiidaunlodi mara nyingi yaja ndani ya zipu, yaani faili iliobanwa, itoe kwanza, alafu tafuta faili zenye mkia wa .ttf ama .otf, hizo ndo zenyewe. Ukikuta .woff hio ni ya kurasa za intaneti, Windows haikuinstolii. Ukikuta .exe eti ndo fonti, futa saa hio hio. Kisha raiti kliki, Install, kwisha. Kama kompyuta ni ya nyumba nzima na kila mtu ana akaunti yake, chagua ile ya Install for all users, la sivyo utaiona wewe peke yako. Na chukua familia yote, Regular na Bold na Italic, manake ukiwa na Regular tu ukabonyeza B, Word yainenepesha yenyewe na herufi zavimba kama mtu aloumwa na nyuki usoni.

Usiipende fonti kwa kuiangalia tu. Ukiifungua, Windows yakuonesha sentensi ya Kizungu ya mbweha na mbwa, sasa hapo ng' utaionea wapi? Nyingi za bure ni za kuonja, wamekupa herufi wakabana namba ama alama. Mimi hujaribu hivi: "Ng'ambo Likoni, Jumamosi 27/12, saa 10:30, Sh. 1,500/=". Ikitoa visanduku vitupu, ama kile kikoma cha ng' kimekuja cha sura nyengine, naiwacha.

Sasa ile hasara yangu. Kadi ya arusi ya binamu yangu, nimekesha nayo, majina kwa fonti ya mkono yenye mikia mirefu, nikaseivu kwenye Word nikatia kwenye flashi nikapeleka mjini kuprinti. Kompyuta ya pale haikuwa na ile fonti, na Word haikulalamika wala nini, ilichukua fonti nyengine ikaweka, maneno yakapanuka, mstari wa ukumbi ukaruka ukurasa wa pili, na mimi nishatoka kwenda kunywa kahawa. Kadi 200. Mamake bibi arusi akaishika akaigeuza, "Mwanangu, hii ni kadi ama notisi ya kodi?" Nikalipa upya, na zile za kwanza mpaka leo watoto wafanyia hesabu kwa nyuma.

Kwa hivyo usitoke nyumbani na faili ya Word peke yake. Seivu PDF, fonti huenda nayo ndani, alafu ifungue kwenye simu uone kama majina yako vile vile. Ukilazimika kupeleka Word, ingia File, Options, Save, utie tiki Embed fonts in the file, ingawa kuna fonti wenyewe wamezizuia hazikubali. Wa CorelDRAW, ile programu ya kuchora, Ctrl+Q yageuza maandishi kuwa michoro, lakini weka kopi ya kabla ya hapo, manake watu wa arusi lazima watabadilisha saa na maandishi yakishakuwa mchoro huyarekebishi tena.

Ile ilioandikwa personal use ni ya kuchezea nyumbani, ukilipwa kadi yataka leseni. Mimi huchukua kwenye tovuti ya Google Fonts, za kule zaruhusiwa hata kazi ya pesa.

Na Bismillahi pale juu, fonti yako ya mikia kawaida haina Kiarabu, kompyuta huazima kwengine kimya kimya. Weka Amiri ama Scheherazade New, zote za bure. Programu nyengine za kuchora hukata herufi moja moja na kuzipanga kuanzia kushoto, na kama husomi vizuri huoni kosa. Mimi kabla sijaprinti nampa mtoto wa jirani atokaye madrasa anisomee kwa sauti.